Alama za Mjomba Domi

Harufu ya betri iliyovuja huwezi kuichanganya na nyingine. Inafanana na sarafu iliyoshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho, ila ndani yake kuna ukali unaokuna koo. Mwezi uliopita, tulipomaliza matanga ya Mjomba Domi, nilifungua mfuniko wa nyuma wa redio yake nikakuta betri nne zimeota unga mweupe mpaka kwenye springi, na kabla sijawaza lolote machozi yakanitoka. Mama akadhani namlilia kaka yake. Nilikuwa namlilia, ndiyo, lakini pia nilikuwa nimechoka, na ukishachoka huulizi sana machozi yanatoka wapi.

Nasema nimechoka na sioni aibu. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa mjini Morogoro, naishi Kihonda, na karibu miaka thelathini sasa kazi yangu ni kusahihisha. Nasahihisha shuleni, nasahihisha nyumbani, nasahihisha huku maharage yanaungua jikoni. Dirisha langu la jikoni linatazama milima ya Uluguru, na siku isiyo na mawingu naiona yote, tena vizuri. Mjomba aliishi huko juu, Mgeta. Lakini kuiona milima na kuipanda ni mambo mawili. Jumamosi kuna kikao cha harusi, Jumapili kuna kanisa na kufua, likizo ikija kuna masomo ya ziada. Wenzangu wa rika langu mnanielewa, sina haja ya kujitetea sana.

Nilizaliwa na kukulia huko Mgeta, kwenye baridi na ukungu, kwenye matuta ya kabichi na njegere yaliyoning'inia mlimani. Baba yangu simkumbuki, alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mjomba ndiye anayesema huyu atasoma, huyu ataolewa lini, huyu akatwe nywele. Mjomba Domi hakubahatika kupata mtoto, kwa hiyo sauti yake yote iliniangukia mimi, Veneranda, mtoto pekee wa dada yake.

Alikuwa mpima mizani wa ushirika. Watu walishuka na magunia ya kahawa mgongoni, wakayaweka kwenye sahani ya mizani, na yeye akasogeza kile chuma kidogo kwenye mkono wa mizani taratibu, akiwa amebana midomo, mpaka mkono ulale sawa. Akishasema kilo ishirini na mbili, ni ishirini na mbili, hata ulie. Siku moja Mama alileta gunia lake, ikakosekana nusu kilo afikishe hamsini, na watu wote kwenye foleni walikuwa wanatazama.

"Kaka, niongezee basi hiyo nusu," Mama akasema akicheka. "Nani atajua?"

"Mizani itajua," akajibu, akaandika arobaini na tisa na nusu.

Mama hakumsemesha siku tatu. Chakula alikuwa akimpelekea, ila anakiweka mezani kwa kishindo.

Sasa mtu huyu mkavu namna hii alikuwa na uraibu mmoja, nao ni redio. Sisemi redio ya kusikiliza taarabu na matangazo ya vifo. Nasema masafa mafupi, zile stesheni za mbali zinazokuja na kuondoka, zinazopiga miluzi na kukwaruza. Alikuwa na redio kubwa ya bendi nne, na waya wa shaba alioufunga kutoka kwenye paa la nyumba hadi kwenye mti wa mapichisi, ukivuka juu ya jiwe kubwa lililoko nyuma ya jiko. Kila siku saa kumi na mbili jioni, jua likianza kuzama nyuma ya milima, alikaa kwenye kigoda na kaunta buku yake, akageuza kinundu cha kutafutia stesheni kidogo kidogo kama alivyosogeza kile chuma cha mizani. Akawapata Warusi, akawapata Wajapani, akawapata watu wanaoimba kwa lugha ambayo hata padri hakuijua. Majirani walimcheka sana. Walisema, mwanamume mzima anakaa ndani kusikiliza mvua, wakati mvua yenyewe iko nje bure.

Nilimuuliza siku moja, "Mjomba, hao huwaelewi, unawasikiliza wa nini?"

"Mtu ametoka mbali kote huko," akasema. "Si vizuri afike akute hakuna mtu nyumbani."

Betri zilikuwa shida. Mtakumbuka tulivyokuwa tunazianika juu ya bati zikiisha nguvu, tunazigeuza kama dagaa. Kuzianika ilikuwa kazi yangu, na Mgeta jua lenyewe ni la kubahatisha. Jua likigoma, nilizilaza karibu na mafiga, na ile harufu ikaenea jikoni hadi kwenye ugali. Mpaka leo nikiisikia naona mikono yangu midogo, naona moshi, namwona Mjomba akinyoosha kiganja apokee betri zenye joto.

Katika stesheni zote, moja ilikuwa na Kiswahili na ilikuwa yetu kabisa. Ilitoka nchi moja ya Ulaya ambayo sitaitaja. Kila jioni alitangaza mama mmoja mwenye sauti nzito kidogo, ya mtu aliyewahi kuuza sokoni. Alisoma habari, kisha akasoma barua za wasikilizaji, na kila alipomaliza barua alisema, "Asante sana, ndugu yangu, tumekusikia." Sikuwahi kumwona, wala jina lake silikumbuki vizuri, lakini nilimpenda kuliko walimu wangu wote. Siku moja alikohoa hewani, akaomba radhi, nami siku nzima iliyofuata nilikuwa na wasiwasi kama amepata dawa.

Stesheni hiyo ilimtumia Mjomba fomu. Kila wiki alitakiwa kueleza inavyosikika huku kwetu, na alijibu kwa tarakimu tano, kila moja kuanzia moja hadi tano. Ya kwanza ni nguvu ya sauti. Ya pili ni kama stesheni nyingine zinaiingilia. Ya tatu ni makelele ya hewani, ya nne ni kupanda na kushuka kwa sauti, na ya mwisho ni jumla ya yote. Tano ni safi kabisa, moja ni afadhali uzime. Fomu ilikuwa na kipande cha pembeni chenye alama zilezile, ambacho wao walikichana, wakakipiga mhuri na kukirudisha kwa posta kama stakabadhi, ingawa posta ya wakati ule ilikuja baada ya miezi, ikitaka. Mjomba aliandika kwenye kaunta buku kwanza, kisha mimi nikanakili kwenye fomu, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa wa kuku na wangu ulikuwa wa kwanza darasani. Mwandiko tu. Masomo mengine nilikuwa wa kawaida.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Mjomba hakusema "usikivu ni hafifu." Alisema, "Huyu leo nimempa mbili." Na mimi mbili nilizijua. Darasa la tano tulikuwa na mwalimu aliyetusomea alama kwa sauti, na waliopata chini ya tano kwa kumi walikwenda mbele kupiga magoti kwenye changarawe. Mimi magoti yangu yalikuwa na makovu ya changarawe. Kwa hiyo masika yalipoingia, radi zikaanza kupasua hewa, na Mjomba akawa anatoa mbili, mbili, tatu, mbili, mbili kila jioni, mimi sikuona hali ya hewa. Nilimwona yule mama amesimama mbele ya darasa la Wazungu.

"Mjomba," nikamuuliza, "wakipata mbili wanafanywaje?"

Alikuwa ameinamia redio, ameitega sikio. "Watajua wenyewe," akasema.

Basi, kwa mtoto hilo jibu lilitosha. Jioni ile nilikaa na fomu mezani, nikiwa na peni, na nikamfikiria akikohoa. Mjomba aliandika mbili. Mimi nikaandika tano. Nikaandika tano tena, na tena, mpaka zikawa tano tano zote, zimepangana vizuri kwa mwandiko wangu mzuri. Niliikunja fomu, nikaitia kwenye bahasha, na asubuhi nikampa dereva wa lori la mboga aipeleke posta mjini. Wiki iliyofuata nikafanya hivyo tena. Nilifanya masika yote, na nilikuwa na furaha, jamani, nisiwadanganye. Nilijiona namlinda mtu.

Barua ilikuja kiangazi kilipoanza. Mjomba aliisoma mlangoni, amesimama, kofia bado kichwani. Kisha akaisoma tena kwa sauti ili Mama asikie. Walitushukuru sana. Walisema taarifa kutoka eneo letu zinaonyesha kwamba usikivu ni mzuri kabisa hata wakati wa mvua, hivyo kuanzia msimu ujao watapunguza nguvu ya mtambo unaoelekea kwetu, ili wahudumie maeneo yenye shida.

Mama alikuwa anachambua njegere, akaendelea kuchambua.

"Mzuri kabisa," Mjomba akarudia. Akanitazama. "Vene. Zile fomu ulinakili kama nilivyoandika?"

Hapo nilikuwa na mambo mawili kichwani, na yote yalinitisha. La kwanza ni yule mama. La pili ni kwamba mwaka uliokuwa unakuja yeye Mjomba ndiye angeamua kama naendelea na shule au nabaki kwenye matuta na Mama. Alikuwa anaweka akiba yake kwenye kopo kwa ajili hiyo, tulijua wote. Mtu aliyemnyima dada yake nusu kilo angemsomesha mwongo wa nini?

"Ndiyo, Mjomba," nikasema.

"Haya," akasema. Akaikunja barua.

Msimu mpya ulipoingia, yule mama alipotea. Kwanza alikuwa kama mtu anayeongea bondeni, kisha kama mtu aliyefunikwa blanketi, kisha ikabaki ile mvua ya majirani. Mjomba hakukata tamaa haraka. Aliongeza waya, akaupandisha juu zaidi kwenye mpichisi, akageuza redio huku na huku. Saa kumi na mbili jioni alikaa palepale kwenye kigoda, amebana midomo, akisikiliza makelele, na kwenye kaunta buku akaandika neno moja, "Haikusikika." Nami niliendelea kumletea betri zenye joto. Nilitaka kumwambia kila jioni, na kila jioni nikaona bora kesho. Aliandika neno hilo hadi mwisho wa mwaka.

Shule alinipeleka. Alinishusha mwenyewe hadi mjini, ametangulia na sanduku langu begani, na njia nzima hakusema zaidi ya "angalia, kuna utelezi." Nikasoma, nikawa mwalimu, na siku ya mahafali alivaa koti lililokuwa kubwa kuliko yeye. Nilishaelewa wakati huo kwamba stesheni za namna ile zilifungwa nyingi tu, kwa sababu za fedha na siasa zao, na kwamba fomu za mtoto mmoja wa Mgeta haziwezi kuzima mtambo Ulaya. Akili yangu inajua hivyo. Lakini nimekaa na ile "Ndiyo, Mjomba" miaka yote, na kila nikisikia redio ikikwaruza mahali, hata kwenye duka la vipuri, natoka kabla sijanunua nilichofuata.

Na nadhani, nikisema ukweli, kilichonipunguza kwenda kwake si kazi peke yake. Nilikuwa naona tabu kukaa naye jioni, saa ile ile, kwenye ukimya ule. Simu zilipofika nikajisemea afadhali, nitampigia. Mtandao kwao ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu, juu ya lile jiwe nyuma ya jiko, chini ya waya wake wa shaba. Mama alinieleza kwamba alipanda pale kila jioni saa kumi na mbili na simu yake ya tochi, akasimama, akangoja. Mwanzoni nilipiga kila Jumapili. Baadaye nikapiga nikikumbuka.

Sasa nirudi kwenye matanga. Wazee wa ukoo walipomaliza mambo yao, Mama aliniita chumbani kwa Mjomba. Yeye mwenyewe amezeeka, anatembea ameshika ukuta. Akanionyesha redio na sanduku la bati.

"Hivi vyako," akasema. "Alikataza mtu mwingine asiguse."

"Kuna nini ndani?"

"Mimi nijuaje? Si wewe uliyekuwa mwandishi wake?"

Aliniacha peke yangu. Nikafungua redio kwanza, nikakutana na ile harufu, nikalia kama nilivyowaeleza. Kisha nikafungua sanduku. Juu kabisa kulikuwa na vipande vya fomu, vimefungwa kwa mpira uliooza. Ni zile stakabadhi, zenye mhuri wa stesheni, zile zilizochelewa kwenye posta. Kila moja ilikuwa na tano tano zangu, kwa mwandiko wangu wa kwanza darasani. Sikuhitaji kuangalia sana. Nyuma ya kila moja Mjomba aliandika tarehe aliyoipokea, na zote ni za mwaka uleule, kabla hajanishusha mjini na sanduku begani.

Kumbe alijua. Alitembea mbele yangu njia nzima akijua, akanilipia shule akijua, akavaa lile koti akijua. Mimi nimebeba mzigo miaka yote hiyo kumbe mwenzangu anaujua uzito wake mpaka gramu. Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilikaa kitandani kwake nikakasirika, kwa sababu neno moja tu lingenipunguzia, na hakulisema. Lakini na mimi sikusema langu.

Chini ya stakabadhi kulikuwa na kaunta buku, tano au sita. Nilidhani zote ni za zamani. Ya mwisho ilikuwa na jalada jipya. Nikaifungua. Ni ule mwandiko wa kuku, mistari ile ile aliyozoea kupiga kwa rula, siku, saa, stesheni, alama, maelezo. Lakini kwenye nafasi ya stesheni alikuwa ameandika jina langu.

"Jumapili, saa kumi na mbili na robo. Veneranda, kutoka Kihonda. Dakika tisa. Nne, tatu, nne, tatu, nne. Ana mafua." "Jumapili. Veneranda. Dakika nne. Tatu, mbili, tatu, tatu, tatu. Watoto wanapiga kelele nyuma yake. Anasahihisha." Ukurasa baada ya ukurasa. Alinipima kama alivyompima kila mtu, bila upendeleo, mbili ikiwa mbili, tatu ikiwa tatu. Na katikati, siku ambazo sikupiga, aliandika lile neno lake. "Haikusikika." Jioni nyingine. "Haikusikika." Kuna kurasa mbili nzima za neno hilo tu, na mimi mwaka huo nakumbuka nilikuwa na kamati ya harusi.

Nikafunua mpaka mwisho. Mstari wa mwisho ni wa wiki mbili kabla hajafariki, jioni ya mwisho aliyoweza kupanda lile jiwe, na simu hiyo naikumbuka, kwa sababu ndiyo ya mwisho. Nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha shule, mvua imeanza, mkoba umejaa karatasi za mtihani. Nilimpigia nikiwa natembea ili niwe nimepiga. Sauti ilikuwa inakatika.

"Shikamoo, Mjomba. Mjomba? Hallo?"

"Marahaba, mwanangu."

"Hallo? Mtandao mbovu. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mimi sikusikii kabisa. Nimechoka, Mjomba, nitakupigia kesho, sawa? Hallo?"

Akasema kitu ambacho sikukipata, nikakata. Kesho sikupiga.

Mwandiko kwenye mstari huo ulikuwa unapanda na kushuka, wa mkono usio na nguvu tena. "Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika tano. Veneranda. Nusu dakika. Tano, tano, tano, tano, tano." Kwenye maelezo aliandika, "Safi kabisa."

Mama akaniita kutoka nje, chai inapoa. Nikausoma tena ule mstari. Ile simu ilikuwa ya moja, na hata moja ni kwa kuhurumiwa. Mimi nasahihisha kila siku, najua ninachosema. Na Mjomba Domi, aliyemnyima dada yake nusu kilo mbele ya foleni nzima, alijua pia.